Fundi wa Kijiji na Utamaduni wa Taifa

Wako wenzetu, baadhi yao wenye vyeo katika ofisi za utamaduni na wengine wenye kushika chaki, ambao wakisikia neno utamaduni hufikiri njuga, vibwebwe na ngoma ya kumpokea mgeni wa heshima. Wakimwona kijana wa Ntalikwa ameinamia simu iliyofumuliwa, au ameunganisha sabufa na betri ya gari ili apige wimbo aliourekodi mwenyewe, humwita mhuni. Sisi twasema kwamba wenzetu hao wamekosea, na kosa lao ni zito kwa kuwa wao ndio walezi wa vijana wetu.

Ntalikwa ni kata ya Manispaa ya Tabora, katika nchi ya Unyanyembe ambako misafara ya karne ya 19 ilipumzika kabla ya kuelekea Ujiji au Karagwe. Misafara ile ilileta vitu viwili ambavyo historia yake yafaa ifundishwe pamoja. Cha kwanza ni merikani, nguo ya pamba iliyofumwa kwa mashine nchini Marekani. Richard Burton, aliyefika Kaze mwaka 1857, aliandika habari za wafumaji wa Unyamwezi waliokuwa wakifuma pamba yao wenyewe. Nguo za kigeni zilipozidi, vitanda vya mfumi vilipungua, na ufundi ule ukafifia. Merikani ilitufikia ikiwa imekwisha kamilika. Kazi iliyobaki kwetu ilikuwa kuivaa, na kununua nyingine ilipochakaa.

Kitu cha pili ni waya wa shaba. Huo nao ulitoka ng'ambo, lakini wahunzi wetu hawakuuacha ulivyokuja. Waliutia motoni, wakaufua, wakauvuta hata ukawa mwembamba, wakatengeneza vitindi vya mikononi na sambo za miguuni. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba mapambo yale yalikuwa utamaduni wa Ulaya, ingawa madini yake yalivuka bahari.

Hapo ndipo ilipo hoja yetu. Hapana aibu katika kupokea chombo cha kigeni. Aibu ni kukitumia miaka nenda miaka rudi bila kukifungua, bila kukijua, wala kukitia mkono wetu.

Taifa letu limekwisha kulipia somo hili. Kompyuta ya kwanza ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, ikitegemea mno wataalamu wa kigeni. Matokeo yalipokuwa mabaya na fedha kupotea, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini mwaka 1974, na marufuku hiyo ikaendelea hadi miaka ya 1980. Hatuwalaumu waliotoa amri ile, kwani taifa changa lilikuwa likilinda hazina yake. Hata hivyo, kufunga mlango hakukumfundisha mtu ufundi.

Sasa mlango uko wazi. Je, ni nani aliyejifunza kuufua waya huu mpya? Tukitazama kwa haki, tutaona kwamba waliotangulia hawakutoka katika kumbi za semina. Walitoka uswahilini. Huko Manzese na Mburahati, Dar es Salaam, vijana walichukua vipande vya taarab, wakavitia katika kompyuta kuukuu, wakatumia programu za kuchanganyia muziki wa disko, wakaharakisha mapigo hata yakapita 200 kwa dakika. Huo ndio muziki wa singeli. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo wa Sounds of Sisso, uliotokana na studio moja ya Mburahati, na tangu hapo wasanii wa singeli wamepiga muziki wao katika matamasha ya Ulaya. Kabla yao, msimulizi aliyejulikana kwa jina la Lufufu alitia sauti yake ya Kiswahili juu ya filamu za kigeni, na watu katika vibanda vya video wakaifuata hadithi kwa lugha yao. Na huku kwetu magharibi, waimbaji wa Kisukuma kama Bhudagala wamekipa kinanda cha umeme mahadhi ya asili, na video zao huonekana katika mtandao wa YouTube. Mchungaji hubeba nyimbo kama hizo malishoni katika kadi ya simu iliyojazwa na fundi wa kijijini.

Tutaambiwa kwamba singeli ina matusi, kwamba sabufa zina kelele, na kwamba mafundi hawa hunakili kazi za watu bila idhini. Ni kweli, na hatutayatetea hayo. Lakini manju akitukana huonywa manju, ngoma haichanwi. Matusi yasahihishwe kwa malezi ya ushairi, na haki ya mtunzi ifundishwe tangu darasani. Kumdharau fundi hakutaondoa hata moja kati ya maovu hayo.

Mwalimu Nyerere, aliyesoma hapa hapa Tabora, alipotangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwezi Desemba 1962, alionya pia kwamba kufufua utamaduni wetu si kuukataa wa wengine. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule isiutenge ubongo na mikono. Leo shule ngapi zina chumba cha kompyuta ambacho ufunguo wake hukaa mfukoni mwa mkubwa, na mashine zake zimefunikwa vitambaa kama maiti? Mwanafunzi hukariri majina ya sehemu za kompyuta kwa ajili ya mtihani, huku jirani yake aliyeacha shule darasa la saba akizifungua sehemu hizo kila siku chini ya mwembe. Kati yao wawili, ni nani anayejielimisha?

Iko hatari nyingine. Nyimbo hizi zetu zimewekwa katika maghala ya kampuni za ng'ambo. Siku kampuni ikibadili kanuni zake, au simu ya mtunzi ikiibwa, wimbo waweza kupotea na sisi tusiwe na nakala. Tukiridhika kuwa watazamaji wa vilivyokamilishwa na wengine, tutakuwa tumeivaa merikani kwa mara ya pili.

Kwa hiyo twawaomba walimu wa Ntalikwa na wa nchi nzima wafungue vyumba vile. Mwiteni fundi wa kijiji darasani, afumue redio mbovu mbele ya wanafunzi na kueleza kila kiungo. Nanyi wanafunzi, nendeni kwa wazee mkarekodi nyimbo na hadithi za Kinyamwezi, mwandike jina la msimulizi na la kijiji chake, kisha nakala moja ibaki shuleni na nyingine apewe mwenyewe. Maafisa utamaduni nao wawaandikishe mafundi na watunzi hawa katika daftari lile lile wanamoandikisha vikundi vya ngoma. Kazi hii haihitaji msaada wa mfadhili. Inahitaji ufunguo wa chumba, bisibisi, na mtu mzima mwenye unyenyekevu wa kujifunza kwa kijana.