Neno la Mhariri: Mali Bila Daftari

Mwezi Juni, baridi ya Sumbawanga ikiwa imeshika, mama mmoja, mkunga mstaafu, aliingia ofisini kwetu na kitambaa kilichofungwa fundo. Alipolifungua tukaona bruchi ya dhahabu, ile pini ya kifuani ambayo kamusi zetu huiita pia bizimu. Ni ndogo, haizidi kidole gumba. Katikati kimekaa kijiwe cha kijani kilichochongwa umbo la dundu, na kila upande ubawa wa dhahabu umekunjuliwa, ukiwa na mistari myembamba kama ya unyoya. Alipewa zamani na mke wa daktari wa kigeni, aliyejifungua mikononi mwake, siku familia ile ilipokuwa inafunga mizigo kurudi kwao.

Alikuwa ametoka kwa sonara. Sonara aliiweka kwenye mizani, akataja bei ya gramu, kisha akasema kijiwe atakitoa kwanza kwa sababu kinaongeza uzito wa bure. Mama akalifunga tena fundo lake. Kwetu hakuja kuuza. Alikuja na swali: "Mwanangu, hiki ni kitu gani hasa?"

Toleo hili limezaliwa na swali hilo.

Tuliigeuza bruchi. Anayekusanya mapambo ya kale huanzia mgongoni, kwa sababu uso wa pambo unaweza kuigwa na fundi yeyote hodari, lakini mgongo una tabia ya kusema kweli. Sindano ya bruchi hii inashikwa na ndoano nyepesi isiyo na kufuli, mtindo uliotumika sana kabla vifungo vyenye usalama havijaenea katika karne ya 20. Kando yake imegongwa namba 15. Uingereza iliruhusu dhahabu ya karati 15 kuanzia mwaka 1854 hadi 1932, kisha ikaifuta. Kwa hiyo namba hiyo moja, ndogo kama punje ya ulezi, inatuambia kwamba pambo hili lilitengenezwa kabla wengi wetu hatujazaliwa. Mizani ya sonara ilikuwa sahihi kwa gramu zake. Ila haikuigeuza.

Tukaulizana, dundu amefikaje kifuani pa mwanamke wa Ulaya? Mtoto yeyote aliyechunga ng'ombe chini ya milima ya Mbizi anamjua mdudu huyu anayeviringisha tonge la kinyesi, akilisukuma kwa miguu ya nyuma, kichwa chini. Wamisri wa kale walimtazama vilevile wakaona jua likisukumwa kuvuka mbingu. Walipoona watoto wake wakitoka ndani ya tonge, wakamfanya alama ya uhai unaojianza upya. Mungu wao wa jua la asubuhi, Khepri, alichorwa na dundu mahali pa kichwa. Wakachonga madundu ya mawe kwa maelfu, ya kuvaliwa pete, ya kugongea mihuri, ya kuwekwa juu ya moyo wa maiti.

Ulaya ikaja kuyapenda mambo hayo kwa mawimbi. Napoleon aliingia Misri mwaka 1798 akiwa na wataalamu waliochora kila walichokiona. Mwaka 1822 Champollion akafumbua maandishi ya kale. Mfereji wa Suez ukafunguliwa 1869, na Novemba 1922 Howard Carter akalifikia kaburi la Tutankhamun. Kila wimbi lilipopiga, masonara wa Roma, Paris na London walirudi kwenye dundu, ua la yungiyungi, nyoka na mbawa za mwewe. Castellani wa Roma na Giuliano wa London walizifanya kazi hizo katika karne ya 19. Katika miaka ya 1920 masonara wa Cartier walichukua vipande halisi vya kale wakavizungushia almasi. Bruchi ya mkunga wetu ni mjukuu mdogo wa ukoo huo.

Katika ukoo huo kuna kisa kimoja ambacho kila mtunza vitu wa Afrika anapaswa kukijua. Mwaka 1859 wafanyakazi wa Auguste Mariette, mkuu wa mambo ya kale ya Misri, walifukua mapambo ya Malkia Ahhotep, yakiwamo mainzi matatu ya dhahabu yaliyoning'inia kwenye mkufu. Mwaka 1867 yalipelekwa Paris kwenye maonyesho makubwa. Inasimuliwa kwamba Eugénie, mke wa mtawala wa Ufaransa, aliyatamani akayaomba, na Ismail, mtawala wa Misri, akajibu kwamba wa kuombwa ni Mariette. Mariette, Mfaransa, akakataa ombi la malkia wa nchi yake mwenyewe. Mapambo yakarudi Misri. Kilichoyaokoa ni kwamba yalikuwa yameandikwa, yana jumba lake, na yana mtu wa kusema hapana.

Nasi Tanzania tunacho kisa chetu cha dhahabu. Mwaka 1916, katikati ya vita, Wajerumani walikuwa wamezibiwa bahari na Waingereza na fedha zimewaishia. Wakachukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke, kule Iramba, wakagonga sarafu za rupia 15 mjini Tabora. Upande mmoja tembo ameinua mkonga, nyuma yake mlima. Ziligongwa takriban 16,000, kila moja gramu 7 na kidogo. Wakati huo Ufipa, uwanda wetu huu, ilikuwa chini ya boma la Bismarckburg, yaani Kasanga yetu ya leo, ambalo liliangukia mikononi mwa Waingereza Juni mwaka huohuo. Tabora nayo ikatekwa na Wabelgiji Septemba. Baadhi ya sarafu hizo ziliunganishwa kishikio zikawa bruchi na vidani. Leo wakusanyaji wa dunia nzima huzitafuta, na bei yake huacha mbali thamani ya dhahabu iliyomo. Kinachouzwa ni tembo, Tabora na mwaka ule wa vita, vitu ambavyo mizani haivioni. Je, ni ngapi ziliyeyushwa humu nchini kwa sababu aliyerithi hakuambiwa alichorithi? Zilizoyeyushwa hazina wa kuzihesabu.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo, na nataka kuileta nyumbani, kwa sababu si nyumba nyingi za Ufipa zenye bruchi ya dhahabu. Utajiri wa zamani wa uwanda huu ulikuwa chuma.

Babu zetu walijenga malungu, tanuri za udongo zenye urefu wa kumpita mtu, nyingine zikikaribia mita 3. Hewa iliingia yenyewe kupitia matundu ya chini, moto ukavuta bila mtu kuvukuta. Mawe yenye chuma na mkaa vilipangwa kwa tabaka, na tanuri lilitendewa kama bibi harusi, kisha kama mama anayesubiri kujifungua. Bonge lililotoka lilipelekwa kwenye kitengwe, tanuri dogo la mivukuto, likasafishwa, ndipo mhunzi akaanza kufua. Humo yakatoka majembe. Kwa jembe mtu alifukia majani kwenye matuta ya ntumba, na kwa jembe mtu alioa. R. C. H. Greig aliiandika kazi hiyo katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1937, na R. Wise akarudi kwenye habari hiyo katika jarida hilohilo mwaka 1958. Miaka ya 1990 Profesa Bertram Mapunda aliichimba na kuipambanua kwa jicho la mwanaakiolojia, akaonyesha kwamba kusini-magharibi mwa Tanzania hapakuwa na namna moja tu ya kuyeyusha chuma.

Sasa weka jembe hilo karibu na dundu la mkunga. Katika Misri ya Tutankhamun chuma kilikuwa adimu kuliko dhahabu. Kati ya vitu vya kaburi lake kulikuwa na jambia lenye ubapa wa chuma, na uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016 ulithibitisha kwamba chuma hicho kilitoka kwenye kimondo, jiwe lililoanguka kutoka angani. Mfalme aliyezikwa ndani ya jeneza la dhahabu tupu alitegemea mbingu impe chuma. Wafipa walikitoa kwenye udongo wao wenyewe, kwa maarifa yao wenyewe.

Nalisema hili kwa makusudi. Katika enzi ya ukoloni walikuwapo waandishi waliofundisha kwamba kila ufundi na kila dola yenye mpangilio barani humu ililetwa na watu wa kaskazini, na wengine wakaunyoosha uzi huo hadi Misri. Ufipa nayo, kwa sababu ya masimulizi yake ya watawala wa Kitwaki waliotoka mbali, iliingizwa katika hadithi hiyo. Tuupende uzuri wa Misri kwa moyo wote, ni wa Afrika. Lakini malungu hayahitaji kuazimwa baba.

Na majembe hayo yako wapi? Nimesimama mimi mwenyewe kwenye uwanja wa mnunuzi wa skrepa pembezoni mwa mji. Kijana alikuwa anamimina kiroba: rimu za baiskeli, masufuria yaliyotoboka, springi za gari. Kati ya hivyo kukadondoka jembe lenye uso mpana, jembamba ukingoni, na mkia mrefu uliochongoka wa kupenya kwenye mpini. Halikuwa na nembo ya kiwanda. Alama za nyundo zilionekana moja moja, zikifuatana kutoka katikati kwenda pembeni, kama nyayo za mtu aliyepita kwenye tope. Nikamuuliza kijana limetoka wapi. "Kwa bibi, darini." Bibi amefariki. Jina la mhunzi? Hajui. Liliingia nyumbani kwa mahari ya nani? Hajui. Nililinunua kwa bei ya kilo, kama lilivyo hapa mezani ninapoandika, na nililipa bei hiyo kwa uchungu, kwa sababu chuma nimekipata lakini habari yake imezikwa na bibi.

Wahenga walilisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Tumezoea kuwasomea methali hiyo wenye maduka. Mimi naisoma kama sheria ya kwanza ya kukusanya vitu vya kale. Kitu kisicho na simulizi hushuka hadi uzito wake, na kikishafika hapo, sonara na mnunuzi wa skrepa hawana kosa lolote. Wananunua kile tulichowapelekea. Kosa limetendeka kabla, siku ambayo mjukuu hakuuliza na bibi hakuulizwa.

Kwa hiyo toleo hili si katalogi ya kuwafundisha watu kununua. Kurasa zake zinahusu jinsi ya kuuliza na kuandika. Msomaji atakuta habari za malungu yaliyobaki, za udodi wa waya uliovaliwa mikononi na miguuni, za shanga, na za yale magamba meupe ya konokono wa baharini yaliyosafiri kutoka pwani ya Bahari ya Hindi hadi kwenye vifua vya wakubwa wa bara. Hayo magamba, ukiniuliza, ndiyo bruchi za kale za upande huu.

Nawaomba mambo machache, na yote yanawezekana kwa simu na daftari la shule. Kabla hujauza chochote cha zamani, kipige picha mbele na nyuma, ukiweka rula pembeni. Andika kinaitwaje kwa Kifipa, nani alikivaa au kukitumia, kilikuja kwa njia gani, mwaka gani, au walau wakati wa tukio gani. Mrekodi mzee akisema mwenyewe, kwa lugha yake. Usisugue kutu kwa msasa, usibadilishe sindano ya bruchi, usimruhusu mtu kung'oa jiwe, kwa maana umri wa kitu umejificha katika sehemu hizohizo tunazotaka kuzitengeneza. Kilicho makaburini, kwenye matambiko au ndani ya tanuri la kale kiacheni palepale, maana pale kilipo ndipo habari yake ilipo. Na mgeni akija na fedha za kununua na kusafirisha, mkumbusheni kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ingalipo, na kibali hutafutwa kabla ya safari.

Walimu wa sekondari za Sumbawanga, Nkasi na Kalambo, hili nalo ni lenu. Mwanafunzi mmoja akiandika kitu kimoja cha nyumbani kwao wakati wa likizo, darasa moja litarudi na daftari ambalo hakuna maktaba duniani inalo.

Mkunga wetu ameondoka na bruchi yake. Hakuiuza. Ndani ya kitambaa sasa mna karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye jina lake, jina la mtoto aliyemzalisha, na maelezo ya dundu, ya mbawa na ya ile namba 15. Atampa mjukuu wake vyote viwili. Wewe msomaji, jioni ya leo, kabla hujalala, mwulize aliye mkubwa kuliko wote nyumbani kwenu: kile kilichoko darini ni nini, na kilikuwa cha nani? Kisha andika jibu lake.

Mhariri
Sumbawanga