Acheni kuzicheka sahani za mtumba

SEHEMU YA 1

Nimetoka zamu ya usiku, sijalala, na nina hasira kidogo. Mvumilieni nesi wenu.

Wiki hii kuna dada mmoja wa hapa Kigoma, mama wa watoto wawili, alipiga picha meza aliyoipamba kwa ajili ya Krismasi. Pazia la mtumba limefuliwa na kupigwa pasi, limekuwa kitambaa cha meza. Sahani sita, hakuna mbili zinazofanana. Katikati chupa ya kioo ya kizamani, ndani yake maua ya bogenvilia na kipande cha kuti la mchikichi. Mimi niliiona nikasema mashallah, huyu ana jicho. Picha ikazunguka, na wanawake wenzake wakaanza kumcheka. Eti sahani za marehemu. Eti sikukuu ya kuokoteza. Mmoja akasema bora angewapa wanawe jani la mgomba.

Kwanza jani la mgomba ni chombo safi kuliko vingi vilivyo kabatini kwako. Hilo tuliache.

Nataka kumtetea huyu dada. Nitaandika kwa vipande, maana bando langu na usingizi wangu vyote viko ukingoni.

SEHEMU YA 2

Tuanze na hao marehemu. Zamani wazazi wetu waliiita mitumba "kafa Ulaya". Walikuwa wanacheka huku wanavaa, na miaka ya Mzee Ruksa biashara ilipofunguliwa mitumba ikaingia kwa wingi, waliocheka ndio waliokuwa wa kwanza kupanga foleni robota likifunguliwa. Mwenye sahani kafa, hajafa, kahama nyumba, sahani haijui. Mimi kwa kazi yangu naogopa uchafu, na uchafu wa sahani unatoka kwa sabuni, maji ya moto na jua la kutosha kwenye kichanja. Sahani mpya ya dukani nayo imepita mikono ya wabeba mizigo na vumbi la stoo, na najua wengi wenu mnaitoa kwenye boksi mnaipakulia pilau hapohapo.

Halafu sisi watu wa Kigoma tunapata wapi ujasiri wa kudharau kitu kilichokwisha kutumika? Liemba ni nini? Meli imeundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa imefunguliwa vipande kwenye masanduku, ikaunganishwa hapahapa na kushushwa ziwani mwaka 1915. Mwaka uliofuata wenyewe Wajerumani wakaizamisha kwa makusudi. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini na jina jipya. Mtumba, tena mtumba wa kuokotwa chini ya maji! Na bibi zetu wamepanda humo na mbuzi na magunia ya dagaa, na leo tunaitaja kifua mbele.

Sasa ingia jiko lolote la Ujiji, geuza sahani uangalie chini. Utakuta nukta ya rangi ya kucha. Nyekundu ya mama fulani, ya bluu ya wifi yake, moja imeandikwa herufi ambazo si za mwenye nyumba. Tunapelekeana sahani Idd, zimefunikwa kawa, na nusu hazirudi. Mimi mtoto wa Ujiji, jirani yangu ni Mkatoliki wa Gungu, na sahani yake ya maua ya zambarau ninayo kwangu tangu Krismasi ya mwaka juzi. Yeye ana bakuli langu. Hakuna kabati lenye seti kamili mtaani kwetu, labda la mwanamke asiyependwa na majirani.

SEHEMU YA 3

Hapa sasa ndipo penye hasira yangu.

Anayemcheka dada wa pazia anamsukuma wapi? Anamsukuma dukani, na kama hana hela, anamsukuma kwa kausha damu. Mnaijua. Unapewa laki leo, kesho asubuhi mtu yuko mlangoni na daftari anataka rejesho, na keshokutwa tena, mpaka imalizike laki na kitu ambacho ukikipigia hesabu usiku hulali. Ukichelewa, wanabeba godoro.

Sisemi kwa kusikia. Miaka miwili baada ya ndoa nilikopa ninunue seti ya vipande ishirini na nne, yenye mstari wa dhahabu, kwa sababu mawifi walikuwa wanakuja kula Idd kwangu. Wakala, wakasifu, wakaondoka. Nikalipa miezi mitatu. Mwanangu alikuwa ndio ameanza kula, na mimi, nesi, ninayefundisha akina mama wengine kuweka dagaa wa kusaga na mawese kwenye uji wa mtoto, nikawa nakoroga uji wa maji na chumvi, kwa sababu pesa ya dagaa ilikuwa imeshaondoka na mtu wa daftari asubuhi. Siku ya kliniki mwenzangu akamweka kwenye mizani, akachora nukta kwenye kadi, akaniangalia. Hakusema kitu. Ule mstari ulikuwa umelala.

Naiona hiyo mistari mpaka leo kwenye kadi za watoto wa wengine, mwezi wa pili, mwezi wa tatu. Siyo yote ya sikukuu, siwezi kusema hivyo. Mvua, malaria, kuhara, mambo ni mengi. Lakini nikimuuliza mama taratibu, tukiwa wawili, mara nyingi rejesho linatajwa kabla ya ugonjwa.

Na ile seti? Imetoka kabatini mara tano. Watoto wamekatazwa kuigusa. Vikombe vimebaki vinne.

Kwa hiyo mtu akinitolea maneno ya "tuwape watoto wetu kitu kizuri," namuuliza, kizuri kipi? Mtoto wa miaka miwili hajui seti. Anajua kama tumbo limejaa na kama mama yake amenuna.

SEHEMU YA 4

Mtasema nesi anatafuta huruma. Haya, tuingie wodini.

Sikukuu moja waliletwa baba na mama mbio, mtoto wa mwaka na miezi kadhaa, ndio anajifunza kusimama. Nyumbani kwao meza ilikuwa imependeza. Kitambaa kipya cha satini, kimening'inia mpaka karibu na sakafu, maana ndivyo kinavyoonekana kwenye picha. Juu yake birika la chai ya maziwa, limetoka jikoni sasa hivi. Mtoto akashika ncha ya kitambaa ili ainuke. Mnajua kilichofuata. Ikammwagikia usoni, shingoni, kifuani.

Ngozi ya mtoto mdogo ni nyembamba kuliko yako. Chai ambayo wewe unaipuliza na kunywa, kwake inaunguza kwa sekunde chache, na hata ikikaa mezani robo saa bado inaweza kumbabua. Yule alifika amepakwa dawa ya meno na yai. Wengine huja na unga wa ngano, asali, mafuta ya kupikia. Jamani, hapana. Ni maji tu! Maji safi ya baridi ya kawaida, siyo barafu, yatiririke juu ya palipoungua dakika ishirini kamili. Kama bomba halitoi, mwagia kata baada ya kata. Mvue nguo zilizolowa, ila iliyoganda kwenye ngozi usiivute. Mfunike sehemu nyingine za mwili asipate baridi, palipoungua pafunike na kitambaa safi bila kukaza, njoo hospitali. Dakika ishirini za maji kwanza, ndipo bodaboda.

Na sasa nirudi kwa dada yetu aliyechekwa. Ule upana wa pazia lake? Alikuwa amelikata! Alilikata na kulipinda liishie usawa wa meza, na kipande kilichobaki akakifanya vitambaa vya kuweka chini ya sahani. Nani kati yenu angepeleka mkasi kwenye kitambaa cha satini alichokikopea? Hakuna. Mngekiacha kining'inie, kiogopwe, kitazamwe. Uzuri wa mtumba ni kwamba hauogopi mkasi. Unaukata ufuate nyumba yenye mtoto.

Mnaokula kwenye mkeka, na sinia katikati, msipumue bado. Kwenu chai iko chini kabisa, usawa wa mtoto anayetambaa. Chupa ya chai na sufuria la mchuzi vikae nyuma ya mgongo wa mtu mzima, na huyo mtu mzima ajue kwamba ndiyo kazi yake siku hiyo.

SEHEMU YA 5

Nisije nikaambiwa natetea kila takataka. Kuna mtumba mimi siupitishi mlangoni kwangu.

Vile vimishumaa vya plastiki vinavyowaka kwa betri. Vinapendeza, ni vya bei ndogo, na chini yake kuna betri bapa kama kifungo cha koti. Vikishatumika, kifuniko kinakuwa kimelegea au skrubu haipo. Mtoto anaitoa, anaimeza. Ikikwama kooni, ndani ya saa mbili inaweza kuwa imeshachoma nyama ya ndani. Mwanzoni anaweza asilie, akawa anatoa mate tu, anakataa kula, anakohoa, na wewe unadhani mafua. Ukihisi tu kwamba betri haionekani, usimtapishe, usisubiri asubuhi, mpeleke, na neno la kwanza ukifika mapokezi liwe "betri". Hapo hata foleni tunairuka.

Pia sahani na mabakuli ya zamani yaliyochorwa rangi upande wa ndani, hasa ukipitisha kidole unaona rangi inachubuka au inaacha unga. Rangi nyingine za zamani zina madini ya risasi, na ndimu, ukwaju, achari na nyanya huyatoa yakaingia kwenye chakula. Kwa macho hutambui. Kwa ubongo wa mtoto hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo yenye ua ndani ninanunua, ndiyo, maana naipenda, naiegemeza ukutani. Ninayopakulia ni nyeupe ndani, haina ufa, ukiigonga kwa kucha inalia vizuri. Iliyopasuka inalia kama mtu mwenye kikohozi.

Na dumu au jagi lililowahi kubeba dawa ya shambani halioshwi likawa la juisi, hata ulichemshe wiki nzima. Hilo wala halina mjadala.

SEHEMU YA 6, NAMALIZIA, MACHO YANAFUMBA

Dada wa pazia, kama unasoma: usiifute ile picha. Ila bogenvilia ina miiba, ikate iwe mifupi au isogeze mbali na mdogo. Na ile chupa ya kioo ijaze mchanga kidogo chini, mchanga wa ziwani upo bure, haitaangushwa na kiwiko.

Mimi Jumamosi nashuka sokoni Mwanga asubuhi na mapema, kabla walanguzi hawajachambua. Natafuta vikombe viwili, nyeupe ndani, nina buku mbili ya kazi hiyo. Jirani yangu wa Gungu ameniambia Krismasi nile kwake na niende na sahani yake ya zambarau. Nimemwambia nitaenda na pilau juu yake, lakini sahani narudi nayo.