Supu ya Shangazi Si ya Bei ya Kutupa

Nimechoka kusikia sentensi moja: "Chakula cha Waasia kinatakiwa kiwe cha bei rahisi." Naisikia kila Jumamosi hapa Houston, ninapohudumu katika mgahawa mmoja wa Kivietinamu kwenye barabara ya Bellaire ili nipate pesa za vitabu vya chuo. Wasemao hivyo si watu wabaya. Wanatabasamu, wanashukuru. Lakini wanakosea, na kosa lao linamuumiza mtu.

Mwenye mgahawa tunamwita Cô, neno la Kivietinamu lenye maana ya shangazi. Pho yake huanza kupikwa usiku wa kuamkia siku ya kuuzwa. Mifupa ya ng'ombe huchemka kwa saa nyingi pamoja na tangawizi na vitunguu vilivyochomwa motoni, mdalasini na karafuu. Mwezi uliopita aliongeza dola moja na nusu kwa bakuli. Mteja wetu wa siku nyingi akaniuliza, "Mmeanza kujifanya Wafaransa?" Alidhani ananitania. Je, supu ya vitunguu ya Kifaransa nayo si mifupa, vitunguu na subira? Kwa nini subira ya Mfaransa ilipwe, na ya Mvietinamu itolewe bure?

Wengine huuliza kama tunatia MSG, eti inaumiza kichwa. Hofu hiyo ilienea baada ya barua moja iliyochapishwa mwaka 1968 katika jarida la kitabibu la Marekani, ambayo mwandishi wake alieleza alivyojisikia vibaya baada ya kula katika migahawa ya Kichina. Leo mamlaka ya chakula ya Marekani inaihesabu MSG kuwa salama kwa jumla, na glutameti imo kiasili katika nyanya na jibini. Bado sijasikia mtu akimhoji mpishi wa piza.

Wapo watakaonijibu kwamba bei huamuliwa na soko, si heshima. Sawa, lakini soko ni sisi. Bei ikishushwa kwetu, kuna anayeilipia: Cô hajapumzika Jumapili hata moja tangu nimjue, na binti yake hufanyia kazi za shule kwenye meza ya karibu na jiko.

Mimi pia nina lawama. Mama yangu, mzaliwa wa Bukavu, huwauzia waumini wa kanisani kwetu sombe. Siku moja mtu alimwambia, "Mama, punguza, ni majani tu." Nilikasirika hadi usiku. Nani aliyeyatwanga hayo majani? Kisha nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe niliwahi kumshauri Cô asipandishe bei, nikamwambia, "Ni tambi tu."

Basi, ukikuta bakuli la pho limefikia bei ya tambi za Kiitaliano za mgahawa wa jirani, usiulize kwa nini limepanda. Uliza kwa nini lilikuwa chini miaka yote hiyo.