Kindu: saa za msafiri wa Kailo nazo zina bei

Mtu wa Kailo mwenye shughuli mjini Kindu ana safari ya vipande viwili: kwanza barabara hadi Alunguli, kisha mto Lualaba. Ofisi za jimbo, uwanja wa ndege na kituo cha treni viko ng'ambo ya pili, na kilalo hakuna. Barabarani atachagua pikipiki, kinga ao miguu. Mtoni atachagua mtumbwi wa kasia ao wa injini.

Wengine wakiona mama anasukuma kinga yenye gunia la mchele huku pikipiki zinampita, wanasema hajui kwamba wakati ni mali. Anajua sana. Tuseme gunia litamletea faida ya franka 10 000 na pikipiki inaomba 8 000: atarudi nyumbani na nini? Analipa kwa saa zake kwa sababu pesa hana. Lakini siku mtoto ana homa kali, mama huyo huyo atakopa kwa jirani ili apande pikipiki. Mfuko wake ni ule ule. Kilichobadilika ni kile kinachomngojea mwisho wa njia.

Serikali nyingi duniani, zinapopima faida ya barabara mpya, hukadiria saa ya msafiri kwa kuangalia mishahara. Kwa kipimo hicho, mama asiye na mshahara anaonekana kama hapotezi kitu. Tunakikataa. Hata hivyo wataalamu hao wa usafiri wameona jambo moja ambalo Alunguli inalijua vizuri: dakika ya kungoja inamchosha msafiri kuliko dakika ya kusafiri, mara nyingi karibu maradufu.

Na pale kwenye mto watu wanangoja kweli. Mtumbwi wa injini unavuka haraka, lakini hauondoki mpaka ujae. Watu 20 wakingoja nusu saa, ni saa 10 za watu zimekwenda ili mwenye mtumbwi apate faida kwenye mafuta yake. Hatumlaumu, mafuta yanafika Kindu kutoka mbali, na hakuna anayemrudishia hasara ya kuvuka na viti vitupu. Ubaya unaonekana jioni. Aliyechelewa asubuhi amechelewa ofisini, amechelewa sokoni, na giza likikaribia anaingia mtumbwi wowote, hata uliojaa kupita kiasi.

Mwezi wa 4 mwaka 2019, baada ya mashua kuzama Ziwa Kivu upande wa Kalehe, Rais Tshisekedi aliagiza wasafiri wavae jile za kuokoa maisha. Agizo zuri. Lakini jile haimwondolei mtu haraka iliyomfanya apande mtumbwi uliojaa.

Kwa hiyo tunaomba jimbo na mji wa Kindu wakae na wenye mitumbwi, waweke saa za kuondoka asubuhi na jioni, mtumbwi ujae ao usijae, na idadi ya abiria iandikwe ubavuni kwa rangi. Hasara ya viti vitupu ipunguzwe kwenye kodi wanazolipa bandarini. Kilalo kitahitaji sementi, chuma na miaka. Ratiba inahitaji saa ya ukutani na mtu wa kuisimamia, na inaweza kuanza kwa siku za soko peke yake.