Karen ya ng'ambo ya mto

 

Jumapili ya kwanza ya kila mwezi chama chetu hukutana, na mwezi uliopita zamu ilikuwa yangu hapa Hockley. Tuko saba, sote manesi isipokuwa mmoja anayehudumia wazee majumbani mwao. Chapati nilizipika usiku baada ya shifti, na chai ilikuwa ya maziwa kweli, si hii ya hapa ya kuchovya jani na kulitoa. Kabla sahani hazijaondolewa, mwenzetu mmoja akaweka simu katikati ya meza. Picha ya ploti. Nyasi za kijani, mjakaranda mmoja, na maandishi mekundu: Karen, hamsini kwa mia, shilingi milioni 4.5 tu. Broka alitaka asilimia 10 kabla ya Ijumaa kwa sababu, alisema, kuna Mkenya wa Dallas anayeitaka pia. (Huyo wa Dallas yuko katika kila ploti niliyowahi kuonyeshwa.)

Mimi ndiye mweka hazina. Pauni 100 kila mtu kila mwezi kwa miaka minne, jumla pauni 33,600, ambazo kwa pauni moja kwa shilingi 170 ni kama milioni 5.7. Kwa hiyo pesa tunazo. Na nawaambia ukweli, moyo wangu uliruka.

Wasomaji wa Nairobi hawahitaji kuelezwa kwa nini. Nyinyi wa Dar fikirini Masaki, na wa Mombasa fikirini Nyali, kisha mwondoe bahari na mweke baridi ya asubuhi na vilima vya Ngong kwa mbali. Karen iko kusini-magharibi mwa jiji. Barabara zake ni nyembamba, zina miti pande zote, na nyumba huzioni. Unachoona ni ua wa kayaba uliokatwa ukanyooka kama ukuta, lango jeusi na askari mwenye redio. Makazi rasmi ya naibu wa rais yako huko. Kuna uwanja wa gofu wa Karen Country Club ulioanzishwa 1937, kuna twiga wanaolishwa na watalii, na tangu 2016 kuna The Hub, ambako mama wa Karen hununua mkate kwa bei ambayo dada yangu wa Kawangware hununulia unga wa wiki.

Yote hayo yalikuwa shamba la kahawa, ekari 6,000 hivi, la kampuni iliyomweka Karen Blixen, mwandishi wa Denmark, kuwa msimamizi wake. Wengi husema mtaa ulipewa jina lake. Wengine hushikilia kwamba kampuni ilikuwa na jina la binamu yake, Karen vilevile, na mtaa ukalirithi jina la kampuni. Kwa vyovyote, kahawa haikupenda baridi ya pale juu. Mwaka 1931 shamba liliuzwa kwa mjenzi aliyeitwa Remy Martin, akalikata vipande vya ekari 20 awauzie Wazungu. Familia za Wakikuyu zilizokuwa zikiishi humo kama maskwota ziliambiwa ziondoke. Blixen alizunguka ofisi za serikali kuwaombea wapate mahali pa kukaa pamoja, wakapewa sehemu ya msitu wa Dagoretti. Husifiwa kwa hilo, nami sibishi. Ila sisahau kwamba walioombewa wengi walikuwa wamezaliwa palepale. Baada ya hapo, katika vitongoji vya Wazungu Nairobi, hati nyingi za ardhi zilikataza asiye Mzungu kuishi humo, isipokuwa awe mtumishi.

Hapa nilipo nina mfano wake mdogo. Hockley ni mtaa wa karakana, wa masonara na wafua chuma tangu karne ya 18. Panda basi, dakika chache umefika ukingo wa Edgbaston, na ghafla kuna bustani na kimya. Si bahati. Familia iliyoinunua ardhi ile 1717, ya akina Gough, baadaye Calthorpe, iliikodisha kwa masharti: hakuna kiwanda, hakuna karakana. Matajiri wakatengeneza pesa upande huu wa moshi, wakalala upande ule. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilicheka peke yangu kwenye basi, maana niliijua tayari kwa Kiswahili.

Niliijua kwa sababu mama yangu alifanya kazi Karen miaka 11. Alilala kwenye kwota ya nyuma, ile wanayoiita SQ, sisi tukabaki Kawangware na bibi. Tulimtembelea Krismasi tu. Ninachokumbuka ni miiba ya ile kayaba, na mbwa wawili waliokuwa na daktari wao. Kwa hiyo mtu anaponitajia Karen simsikii akisema ploti. Nasikia mama yangu akiingia kwa lango la mbele.

Jioni hiyo nilimpigia simu. Nilitaka kumfurahisha.

"Mama, chama kinataka kununua Karen."

Akanyamaza kidogo. "Karen gani, mwanangu?"

"Mama, Karen ni moja."

"Hapana. Niambie ni upande gani wa mto Mbagathi."

Sikujua. Nikamtumia picha na ramani aliyotuma broka. Kisha akaniuliza maswali ambayo katika vikao vyote vya chama hakuna aliyewahi kuyauliza. Maji yanatoka wapi? Alinikumbusha kwamba nyumba ile kubwa ilitegemea kisima, na pampu ilipoharibika walinunua lori la maji, na yeye ndiye aliyeamshwa saa kumi alfajiri kulifungulia. Choo kinaenda wapi? Sehemu kubwa ya Karen haina bomba la maji taka la jiji. Kila boma lina shimo lake, na lori la kunyonya huja likijaa. Ndiyo sababu kanuni za mipango ya Nairobi zimeiweka Karen kwenye nusu ekari kwa nyumba moja, na wakaazi wamekuwa wakienda kortini kupinga maghorofa.

"Sasa," akasema, "kama ni nusu ekari, hiyo yenu ya hamsini kwa mia imetoka wapi?"

Hamsini kwa mia, kwa futi, ni takriban thumni ya ekari. Nilikuwa nimepiga hesabu ya kila kitu isipokuwa hiyo. Ekari moja Karen huuzwa zaidi ya shilingi milioni 60. Nusu ekari, kwa pauni, si chini ya 175,000. Nesi wa bendi ya 5 hapa, mwaka 2025/26, alianzia takriban pauni 31,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Nikakaa kitandani na kalamu mkononi.

Siku ya pili mama akamtuma binamu yangu na bodaboda. Ploti ipo, nyasi zipo, hata mjakaranda upo. Lakini iko ng'ambo ya Mbagathi, upande wa Rongai, kaunti ya Kajiado. Nikamwomba broka picha ya hati. Alichelewa siku mbili, kisha ikaja, na namba yake inaanza na Ngong/Ngong. Ardhi ya Karen, iliyo ndani ya Nairobi, haisajiliwi hivyo. Nilipomuuliza akanijibu kwa upole kabisa, "Dada, hiyo ni Karen ya mbele, mji unakuja." Sidhani hata aliona aibu.

Tuelewane: ardhi ya Rongai si mbaya. Watu wazuri wanaishi huko, na huenda hiyo ndiyo saizi yetu. Tatizo ni kuuziwa Rongai kwa jina la Karen, kwa haraka, bila utafutaji rasmi wa hati. Kwa Nairobi utafutaji huo sasa hufanywa kwa mtandao wa Ardhisasa, uliozinduliwa Aprili 2021, na unahitaji namba ya hati, si picha ya mjakaranda. Wakili awe wenu, si yule anayeletwa na broka. Hata wakubwa wenye mawakili wao hukwama: mwaka 2014 ekari 134 za Karen, zilizotajwa kuwa za shilingi bilioni 8, zilikuwa gazetini kila siku, kila mdai na karatasi yake.

Na jingine kwa wenye familia, maana naulizwa sana. Ukichukua uraia wa Uingereza na bado ukawa raia wa Kenya, huna shida; katiba ya 2010 inaruhusu uraia pacha. Lakini asiye raia wa Kenya, kwa kifungu cha 65, hawezi kumiliki ardhi zaidi ya miaka 99 ya kukodi, hata kama hati aliyouziwa inasema ya kudumu. Kwa hiyo angalieni uraia wa watoto kabla ya kuandika majina yao kwenye hati. Katika chama chetu wawili wana watoto ambao hawajawahi kuandikishwa ubalozini.

Nilipeleka yote hayo kwenye kundi letu la WhatsApp Alhamisi, siku moja kabla ya tarehe ya broka. Wanne walisema tusitoe hata shilingi. Wawili walisema mama yangu ni mtu wa zamani, Nairobi imebadilika. Mwenye ile simu hakusema kitu. Ijumaa jioni alituma shilingi 450,000 zake mwenyewe, na Jumatatu akaniandikia kwamba anajitoa, akitaka mgao wake wote: pauni 4,800. Anazo haki zake na nitamlipa mwisho wa mwezi. Tunafanya kazi wodi moja. Tunapokezana zamu kitandani kwa mgonjwa, tunasomeana dawa na vipimo, na hatusemi lingine.

Nilimuuliza mama kama angependa, siku moja, kukaa Karen kweli, upande huu wa mto, kwa lango la mbele.

"Nikae huko nisalimiane na nani?" akasema. "Nunua Rongai, lakini uinunue kwa jina lake. Na uangalie maji."

Nina likizo Desemba. Tutaenda naye na mpimaji kuikagua ile ploti, kama mwenye nayo atakubali kuiuza kwa bei ya Rongai.