Sikulipata, na nimeandika hivyo

Najua nimewaacha bila kitu cha kusoma kwa wiki kadhaa. Kazi imenibana kweli kweli. Lakini Jumamosi iliyopita nilirudi nyumbani na tope mpaka magotini, mkono unawasha kwa upupu, na hasira ya kutosha kunirudisha kwenye kibodi.

Nilikuwa Msitu wa Karura nikitafuta kopo. Ndiyo, kopo. Kwa saa mbili nzima.

Kwa wale ambao hawajawahi kuusikia mchezo huu wa jiokachingi: mtu anaficha kasha lisiloingia maji mahali fulani, anaweka kodineti zake kwenye tovuti, na wewe unalifuata kwa GPS. Ukilipata unaandika jina lako kwenye kijidaftari kilichomo, unalirudisha pale pale, kisha unaripoti mtandaoni. Ni brikicho ya watu wazima wenye setilaiti. Ripoti yako inaweza kuwa ya aina kadhaa, lakini kubwa ni mbili: "nimelipata", ambayo inakuletea uso wa manjano unaotabasamu kwenye ramani, na "sikulipata", ambayo inakuletea uso wa buluu ulionuna. Leo nataka kuutetea huo ulionuna.

Kasha nililolifuata lilikuwa na ugumu wa 2 (kipimo kinaanzia 1 hadi 5). Ripoti ya mwisho ilisema limepatikana, miezi kumi na minne iliyopita. Baada ya hapo kimya. Nikajiambia, basi hakuna watu wanaoenda. Nikalipa kiingilio, nikatembea, nikapekua mizizi, nikainua magogo, nikawasalimia wakimbiaji kwa tabasamu la mtu asiye na hatia. Hakuna kitu. Nikiwa ndani ya matatu nikirudi nikamtumia ujumbe rafiki yangu mmoja ambaye ni msakaji wa siku nyingi. Jibu lake lilinifikia kabla hatujafika Globe:

"Bwana, hilo lilishapotea. Mimi nililitafuta mwezi wa tatu. Na najua wengine wawili walienda wakakosa."

Uliandika? "Ah, hapana. Nilidhani labda ni mimi tu sikuangalia vizuri."

Watu watatu! Watu watatu walikwenda, wakakosa, wakaenda zao kimya. Kila mmoja alidhani ni yeye tu. Mimi nikawa wa nne kulipa nauli ya kugundua jambo ambalo tayari lilikuwa linajulikana na watu watatu na halijulikani na tovuti.

Mtaniambia ni mchezo tu, punguza presha. Sawa, ni mchezo. Lakini ni mchezo ambao umejengwa juu ya data, na data hiyo ina tundu moja kubwa mahali pamoja, nami kama mtu ninayeandika programu kwa riziki siwezi kulipita tundu kama hilo bila kusema.

Kwanza tukubaliane kwamba kukosa ni jambo la kawaida kabisa. Kihistoria mchezo huu ulizaliwa siku ambayo kukosa kulipungua. Mpaka mwanzoni mwa Mei 2000 jeshi la Marekani lilikuwa likiivuruga makusudi ishara ya GPS kwa raia, hivi kwamba kifaa chako kingeweza kukosea kwa takriban mita 100. Rais Bill Clinton akaamuru uvurugaji huo uzimwe, na usahihi ukapanda karibu mara 10 kwa usiku mmoja. Tarehe 3 Mei 2000 Dave Ulmer, mtu wa kompyuta kama sisi, akaficha ndoo karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangaza kodineti kwenye kundi la majadiliano mtandaoni ili kuona kama watu wangeweza kuifikia. Walifika ndani ya siku chache. Septemba mwaka huo huo Jeremy Irish akafungua tovuti ya geocaching.com, na leo duniani kuna makasha zaidi ya milioni 3.

Lakini "sahihi" si sawa na "hapa hasa". Kodineti za mchezo huandikwa kwa digrii na dakika zenye desimali tatu, na sehemu moja ya elfu ya dakika ya latitudo ni mita 1.85 ardhini. (Huku kwetu karibu na ikweta longitudo nayo ni hivyo hivyo. Wenzetu wa Seattle, ilipo kampuni inayoendesha tovuti, kwao ni kama mita 1.25.) Simu nzuri chini ya anga wazi hukosea kwa mita 5 hivi. Mfichaji alikosea zake 5, wewe unakosea zako 5, na makosa hayo hayajumlishwi moja kwa moja bali kwa njia ya vipeo, kwa hiyo mnapata mita 7 hivi. Duara la nusu kipenyo cha mita 7 lina eneo la mita 154 za mraba. Hiyo ni nyumba nzima na uwanja wake, na wewe unatafuta kikopo cha filamu ya kamera. Wakati mwingine kasha lenyewe halizidi ncha ya kidole. Ongeza miti mirefu inayozuia ishara... Nani asiyekosa hapo?

Sasa hesabu ninayoipenda. Chukua kasha rahisi, la ugumu wa 1.5, ambalo likiwepo wasakaji 9 kati ya 10 hulipata. Tuseme pia kwamba siku yoyote ile kuna uwezekano wa asilimia 5 kuwa limeibwa au limesombwa na mvua. (Nambari hizi nimezibuni kwa ajili ya mfano, msije mkaninukuu.) Mtu mmoja akilikosa, uwezekano kwamba halipo unapanda kutoka asilimia 5 hadi 34. Wa pili akilikosa, asilimia 84. Wa tatu, 98. Yaani ripoti tatu tu za uso ulionuna zinatosha kumwambia mwenye kasha: toka nyumbani ukaangalie.

Chukua sasa kasha gumu, ambalo hata likiwepo 6 kati ya 10 hulikosa. Mmoja akikosa, uwezekano kwamba limepotea ni asilimia 8. Wawili, 13. Watatu, 20. Ripoti zile zile tatu, maana tofauti kabisa! Hapo uso ulionuna haumshtaki mwenye kasha kwa lolote. Unasema tu kwamba amelificha vizuri, na wasakaji wanaopenda ugumu watalitafuta kasha hilo kwa sababu hiyo hiyo.

Na wakinyamaza? Tuseme ripoti mbili ndizo zinazomfanya mwenye kasha la rahisi ainuke. Kila anayekosa akiandika, watu wawili watasumbuka. Akiandika mmoja tu kati ya wanne, kwa wastani itabidi wasumbuke wanane. Mahali panapotembelewa na mtu mmoja kwa mwezi, hiyo ni miezi minane ya watu kupekua majani bure. Sita kati yao wangeweza kubaki nyumbani.

Kwa nini basi watu hawaandiki? Aibu ni sababu ya kwanza. Nambari inayoonekana kando ya jina lako kwenye kila ripoti ni idadi ya makasha uliyopata. Hakuna anayevaa nambari ya aliyokosa. Tovuti imefanya kukosa kuwe jambo la faraghani, halafu tunashangaa watu wanalificha. Wengine huona afadhali waweke kikopo chao wenyewe pale, wakaandika "nimelipata", na kujiita wasamaria wema. Huo nauita uongo. Mwenye kasha hajui, kopo la asili huenda bado lipo mita tatu pembeni, na anayekuja baadaye anakuta mawili asijue lipi ni lipi.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, nami sina budi kuipa haki yake. Tovuti ina alama ya siri inayoitwa afya ya kasha. Kanuni yake kamili haijatangazwa, lakini inajulikana kwamba inaangalia ripoti za kukosa, maombi ya matengenezo, ni lini kasha lilipatikana mara ya mwisho, na pia ugumu wake. Alama ikishuka, mwenye kasha hutumiwa barua pepe ya kumkumbusha alitazame. Wapo wenye makasha waliochukia barua hizo, na wapo wasakaji waliosikia manung'uniko hayo wakaamua kutoandika ili wasimchongee mtu. Nia njema, matokeo mabaya. Kipimo kilichowekwa ili kugundua ukimya kimezaa ukimya mwingine. Ukimwadhibu mtu kwa kila hitilafu inayoripotiwa kwenye programu yake, hutapata programu isiyo na hitilafu. Utapata watu wasioripoti. Kwa maoni yangu barua ile ingeandikwa kwa sauti nyingine: badala ya "kasha lako huenda lina shida", ingesema "watu watatu wamelitafuta wakakosa, ungependa kuwapa dokezo?"

Sababu ya tatu ndiyo inayoleta ubishi kila tukikutana: kukosa ni nini hasa? Hapa kwetu swali hili lina uzito wake. Mara ngapi umefika mita ishirini kutoka kwenye kasha, ukamkuta askari wa jengo amekukazia macho, ukaendelea kutembea kana kwamba unaelekea kituo cha basi? Jiji hili limepitia Agosti 1998 na Westgate mwaka 2013. Mtu anayechungulia chini ya benchi akiwa na simu mkononi haonekani kama mtu anayecheza. Hata huko Uingereza, mwaka 2011 katika mji wa Wetherby, kijisanduku cha mchezo huu kililipuliwa na kikosi cha mabomu baada ya mtu kuonekana akikishughulikia kwa namna ya kutiliwa shaka. Kwa hiyo ukiondoka kwa sababu ya askari, je, umekosa au hukutafuta?

Msimamo wangu ni huu. Kama ulifika na ukaingiza mkono mahali hata pamoja, ulitafuta. Andika kwamba hukulipata, na useme ulitafuta muda gani. "Dakika 5, mvua ikanifukuza" ni ripoti nzuri sana. "Saa 2, wawili, tulipekua kila mzizi" ni ripoti nyingine kabisa, na msomaji atajipimia mwenyewe. Kama hukuteremka hata kwenye matatu, hiyo si kukosa. Andika ujumbe wa kawaida ukipenda, useme pana askari, mwenzako ajue kwenda Jumapili asubuhi. Wale wanaosema dakika tano haihesabiki wanachanganya kushindwa na kupungukiwa bidii. Hakuna anayekupa alama za bidii hapa. Tunachotaka kujua ni kilichotokea.

Nina kidonda cha zamani katika jambo hili. Miaka kadhaa iliyopita niliandikia kampuni moja ndogo programu ya kusajili wateja kwa simu. Kila usajili uliofaulu uliandikwa kwenye kumbukumbu za seva, na kila Ijumaa tuliangalia grafu tukapongezana. Kosa langu lilikuwa kwamba uliokwama haukuandikwa popote. Mawakala wenye mtandao dhaifu walibonyeza, wakasubiri, wakakata tamaa, wakarudi kwenye karatasi. Hakuna aliyepiga simu kulalamika. Kila mmoja alidhani simu yake ndiyo mbovu. Tulikuja kujua miezi mitatu baadaye, wakala mmoja alipoleta mfuko wa plastiki uliojaa fomu. Tangu siku hiyo naandika kumbukumbu za kushindwa kwanza, za kufaulu baadaye.

Basi Jumamosi usiku niliandika: "Sikulipata. Saa 2, peke yangu, kodineti zinarukaruka chini ya miti. Nimekagua mti mkubwa na magogo mawili. Naambiwa wengine watatu wamekosa mwaka huu." Nikamwomba na rafiki yangu aandike yake, hata kama amechelewa. Akasitasita, akaandika.

Jumatatu mwenye kasha akanijibu. Kwa heshima kabisa, bila kununa. Kahamia Nakuru siku hizi, hakuwa na habari kwamba kuna mtu yeyote aliyelitafuta. Kisha akauliza: "Ulilitazama lile jiwe lililopasuka, upande wa mto?"

Jiwe gani? Nilipokuwa hakuna jiwe lililopasuka. Nikamuuliza rafiki yangu, naye hajaliona, wala wale wawili. Wote wanne tulikuwa tukizunguka mti ule ule, tumeongozwa na kodineti zile zile, na kumbe mwenyewe anakiri alizichukua kwa simu yake ya zamani siku yenye mawingu, chini ya miti ile ile.

Ile asilimia 98 yangu, basi, niifute kidogo. Hesabu ilidhani kila msakaji anakosa kivyake, na sisi tulikuwa tumekosa kwa pamoja. Kopo huenda lipo. Mwenyewe amesema atakuja mwisho wa mwezi kupima upya, nami nimejitolea kwenda naye na kifaa cha GPS cha kuazima. Upupu nitavalia mikono mirefu.