Rangi ya chumba cha kuogea: tusifiche uchafu



Kila mwaka mvua zikiisha kukatika, watu wa Lubumbashi wanaanza kutengeneza nyumba. Kuta zimekauka, na yule aliyeweka feza kidogo anakwenda kununua rangi. Kwa rangi ya sebule, baba, mama na watoto wanabishana siku nzima. Lakini ikifika zamu ya chumba cha kuogea, mabishano yanakwisha mara moja: «Tupake rangi ya giza, ile isiyoonyesha uchafu.» Wanachukua kahawia, au kijivu, au kijani cha giza, na shauri limekwisha.

Sisi tunasema kwamba shauri hilo si zuri. Chumba cha kuogea kinataka rangi nyeupe, au rangi ya maziwa, au nyingine yoyote iliyo nyepesi sana. Tena kinataka rangi isiyo na sumu. Tusikilizane vizuri juu ya mambo haya mawili.

Wewe mfanyakazi unajua maana ya rangi. Kazini, nyekundu inakuonyesha vyombo vya kuzimia moto. Manjano inakuambia: angalia, kuna hatari. Bluu inakuamuru kuvaa kofia au miwani. Kijani inakuonyesha mlango wa kukimbilia na sanduku la dawa. Je, umekwisha kuona mkubwa wa kazi anaagiza chombo cha kuzimia moto kipakwe kijivu ili vumbi lisionekane juu yake? Hapana. Kazini rangi inawekwa ili jicho lione upesi. Kwa nini basi nyumbani tuweke rangi ili jicho lisione?

Fikiri tena chumba hicho ni cha kazi gani. Ni mahali unapoacha vumbi la kazi. Njia bora ni kuoga kazini na kubadilisha nguo kabla ya kutoka. Lakini wengi hawana nafasi hiyo, hasa wale wanaochimba kwa mikono na wale wa kampuni ndogo. Wanarudi na vumbi katika nywele, katika nguo na katika viatu, na maji yanalirusha ukutani. Kesho mtoto anaingia kuoga, anashika ukuta huo, kisha anatia vidole kinywani.

Hatusemi hivyo kwa kuwatisha watu bure. Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mikojo ya watu wa Katanga. Wale wanaokaa karibu na machimbo na viwanda vya kuyeyushia madini walikutwa na kobalti nyingi sana, na pia risasi na uranio, kuliko wale wanaokaa mbali. Kwa kobalti, watoto ndio waliozidi. Ukuta mweupe unakuonyesha vumbi hilo, nawe unachukua kitambaa chenye maji unalipangusa. Ukuta wa kahawia unanyamaza.

Kuna na ukungu. Tangu Novemba mpaka Machi mvua inanyesha sana huku kwetu, na chumba cha kuogea hakikauki. Madoa meusi yanaota katika pembe na juu karibu na dari. Mtu mwenye pumu akivuta hewa ya ukungu, kifua kinambana. Juu ya rangi nyeupe unaliona doa likiwa dogo kama kucha, unalisugua, unafungua dirisha, unatafuta bomba linalovuja. Juu ya rangi ya giza unaliona likiisha kula ukuta.

Sasa tuje kwenye sumu. Tunataka kusema juu ya risasi, ile madini inayoitwa plombu kwa Kifaransa. Zamani ilitiwa katika rangi nyeupe za mafuta. Mwaka 1904, daktari J. Lockhart Gibson wa Queensland, Australia, alieleza kwamba watoto wa huko walikuwa wanapata sumu kutoka rangi ya kuta na ya mbao za baraza za nyumba zao. Mwaka 1921, Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mkataba wa kukataza rangi nyeupe ya risasi ndani ya majengo. Marekani walikataza rangi za nyumba zenye risasi mwaka 1978. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema kwamba hakuna kipimo cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara. Inaharibu ubongo wa mtoto, naye hawezi tena kushika masomo kama wenzake. Inapandisha damu ya mtu mkubwa. Inamfikia hata mtoto aliye tumboni mwa mama.

Leo, katika nchi ambazo risasi bado inatiwa katika rangi, rangi za mafuta zenye kung'aa ndizo zinazokutwa na nyingi kuliko zote: manjano, ya machungwa na nyekundu. Unaona basi kwamba kuchagua rangi si mambo ya urembo tu. Watoto wetu wanapata madini ya kutosha kutoka vumbi la njia. Tusiwaongezee mengine kutoka ukuta tuliolipa kwa feza yetu wenyewe.

Mtu atasema: «Rangi nyeupe inachafuka upesi, na rangi nzuri ni ya bei.» Kuchafuka upesi ndiyo kazi yake, maana inakuita uje usafishe. Na kwa bei, tuko na chokaa. Jiwe lake linachimbwa hapa kwetu, Kakontwe, karibu na Likasi. Chokaa ni nyeupe, haina bei kubwa, inaacha ukuta upumue, na ukali wake unazuia ukungu.

Haya ndiyo mashauri yetu:

1. Paka katika kiangazi, ukuta ukiisha kukauka. Rangi ya mafuta juu ya ukuta wenye maji inavimba na kubanduka.

2. Dukani, soma kopo. Tafuta neno «sans plomb», maana yake haina risasi. Kopo lisilo na jina wala maandishi, liache.

3. Juu ya ukuta na kwenye dari, paka chokaa mara mbili au tatu, nyepesi nyepesi. Haishiki juu ya rangi ya mafuta. Chini, pale maji yanaporuka, weka simenti laini, vigae, au rangi nyepesi isiyo na risasi.

4. Ukizima chokaa, vaa miwani na glavu, na uwafukuze watoto. Tia chokaa katika maji kidogo kidogo. Usimwage maji juu ya chokaa. Ikikuingia jichoni, osha kwa maji mengi dakika nyingi, kisha nenda upesi hospitali.

5. Katika nyumba ya zamani, usikwaruze rangi kavu kwa msasa wala kuichoma kwa moto. Kama imeshika vizuri, paka juu yake. Kama inabanduka, ilowanishe kwanza, kwaruza polepole, kusanya vipande vyote, osha sakafu. Watoto na mama mwenye mimba wakae mbali.

6. Sakafu usiipake rangi ya mafuta. Inateleza, na mtu anaweza kuvunjika mguu.

Ndugu msomaji, kazini unakubali kwamba hatari inayoonekana imekwisha kupungua nusu. Sheria hiyo usiiache mlangoni pa kiwanda. Ichukue mpaka nyumbani, mpaka katika kile chumba kidogo ambamo wageni hawaingii, kwa sababu watoto wako wanaingia humo kila siku.